Wiki moja Engare Sero: fundi spika nilivyoitwa kwenda kuvuna kelele za Lengai

Nimerudi Arusha juzi Jumapili na vumbi bado linatoka masikioni. Nilikuwa naandika andika nyuma ya kitabu cha risiti na kupiga picha kila tulikosimama, kwa hiyo hii nimeiunganisha nikiwa nyumbani, pakichanganyikana mnisamehe.

Wanaonijua wanajua kazi yangu, nafunga muziki kwenye maharusi na makanisani, pembeni nafunga sola. Miaka kumi na moja adui yangu ni mmoja tu, mvumo, ule "mmmmm" unaotoka kwenye spika kabla MC hajafungua mdomo. Nimeshalala chini ya jukwaa usiku kucha natafuta waya unaoleta mvumo. Sasa mwezi wa tisa dada mmoja niliyemfungia sola kwake, kumbe ni daktari wa miamba, akanipigia: fundi, nina vituo tisa kuzunguka Oldoinyo Lengai, ile volkano ya kusini mwa Ziwa Natron, vitatu havieleweki, nataka mtu wa umeme kwa siku saba, elfu sitini kwa siku, kula na kulala juu yangu. Nkamuuliza vinarekodi nini dokta, matetemeko? Akasema matetemeko yakija sawa, ila mimi hasa nataka kelele. Nikadhani network inasumbua nikamwambia arudie.

Siku ya 1, Jumatatu. Arusha hadi Engare Sero

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka saa nne kasoro. Duka la betri lilichelewa kufungua, halafu betri mbili kati ya nne walizotutolea zilikuwa zimekaa stoo mpaka zimechoka, nikazipima pale pale nikazikataa, mwenye duka akanuna. Kidokezo cha kwanza basi: betri ipime na mita dukani, usikubali kuambiwa "itajaa njiani".

Kwenye Landikruza tulikuwa wanne. Dokta, mimi, dereva tunamwita Mangi, na kaka mmoja mwanafunzi wa Dokta aliyekulia Goma, Kongo, ambaye mpaka leo namwita Goma tu na yeye ananiita Fundi Mvumo.

Makuyuni chai na chapati mbili, elfu mbili. Mto wa Mbu tukashusha ndizi nyekundu mkungu mmoja, maji katoni sita, mchele, vitunguu, na Mangi akajaza tenki na madumu mawili, kwa sababu mbele huko mafuta ni ya chupa na bei anapanga mwenye chupa. Baada ya hapo lami inakuaga na unaanza kula vumbi. Mageti ya halmashauri yako matatu, kila moja na risiti yake, na yote lazima uzitunze, kuna mahali tulidaiwa risiti ya geti la nyuma na ilikuwa imepotelea chini ya siti, dakika arobaini tunatafuta karatasi.

Kabla ya Engaruka tukapata pancha. Jeki ikawa inazama, udongo wa kule ni majivu, unakanyaga kama unga. Akatokea morani na ng'ombe wake, akatuangalia kidogo, akaondoka bila neno. Nkasema huyu naye. Baada ya dakika kumi akarudi amebeba jiwe bapa begani, akaliweka chini ya jeki, akasimama kando. Tukafunga tairi. Mangi akampa elfu tano akakataa, akaomba maji, akanywa chupa mbili nzima bila kupumua, ya tatu akaifunga kwenye shuka.

Mida ya saa kumi na moja Lengai ukatokea. Mlima umechongoka kama pia iliyogeuzwa, na juu mweupe. Nkasema kumbe una barafu kama Kilimanjaro. Dokta akacheka, ule weupe ni magadi. Lava ya pale ni ya aina yake, dunia nzima hakuna volkano nyingine hai inayotoa kama hiyo, inatoka nyeusi, nyepesi kama oili chafu, na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 wakati lava za kawaida zinafika elfu na zaidi, halafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya siku chache. Urefu mita 2,962. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu na ukiuona jioni ile hubishani nao.

Tumefika kijijini Engare Sero saa moja usiku. Upepo wa Ziwa Natron usiku si mchezo, hema langu nililala nimelishika.

Siku ya 2, Jumanne. Kituo cha kwanza

Asubuhi ofisi ya kijiji kwanza. Msiruke hii hatua, hata mkiwa na kibali cha mkoa na barua zenye mihuri sita. Mwenyekiti akisema wale ni wageni wangu, hata mtoto wa miaka minane anakulindia gari.

Kituo chenyewe ukikiona utadharau. Boma dogo la miba, ndani paneli mbili za sola, sanduku la bati lenye betri na rekoda, na ndoo ya plastiki imefukiwa kichwa chini. Wenyeji wanaita kituo "ndoo". Ukiinua ile ndoo, ndani ya shimo la kama mita moja kuna kigae cha sakafuni kimelazwa kwenye sementi, na juu ya kigae kakopo ka chuma, ukubwa wa sufuria ya kupikia wali wa watu watatu. Hiyo ndiyo seismomita, mashine ya kupima mtikisiko wa ardhi. Ina kipovu cha maji cha kuiweka sawa na alama ya kuelekeza kaskazini, na Dokta alinionya dira usiiamini sana pale, mawe ya volkano yana chuma yanaivuta.

Goma akachomeka laptopu, mstari ukatokea. "Fundi, ruka." Nikaruka mara moja hatua kumi kutoka kwenye ndoo, mstari ukapasuka juu chini. Akaja ng'ombe mmoja tu anatembea zake, naye akaonekana, kwato moja moja. Mashine inasikia kweli. Sasa Dokta akasema tusimame wote tusisogee. Mstari ukatulia lakini haukunyooka. Ukawa unapanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, pumzi moja kila sekunde saba nane hivi.

"Hiyo ni nini?"

"Bahari."

Nkamwangalia. Kutoka pale hadi Tanga au Mombasa ni zaidi ya kilomita 400. Akaeleza, mawimbi ya baharini yakikutana yanatoka pande tofauti yanaisukuma sakafu ya bahari, na ule msukumo unasafiri ndani ya miamba bara zima, usiku na mchana, haujawahi kukatika tangu bahari iwepo. Miezi ya kusi unakuwa mkubwa zaidi maana bahari za kusini zimechafuka, kaskazi unapungua. Ardhi unayoiona imetulia inainuka na kushuka muda wote, ila kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Mimi nikasema huo ni mvumo. Akasema eeh, ni mvumo, ndio tumeufuata.

Jioni kwenye wali na maharage nikambana anieleze unafaa nini. Alivyonielewesha ni hivi, na naandika kama fundi spika si kama msomi. Chukua rekodi ya siku nzima ya ndoo A na ya ndoo B. Zote zimejaa fujo. Lakini mawimbi yaliyopita A baadaye yalipita B, kwa hiyo ndani ya fujo ya B kuna kipande cha fujo ya A kimechelewa kidogo. Kompyuta inatelezesha rekodi moja juu ya nyingine inatafuta ni kuchelewa kiasi gani zinafanana. Siku moja haitoshi, unajumlisha siku na siku, mwisho unabaki na mchoro safi, kama vile mtu alipiga nyundo pale A na B ikasikia. Na hakuna aliyepiga nyundo. Unaweza kuipiga hiyo nyundo kila siku mwaka mzima bila baruti na bila kungoja tetemeko.

Kwangu ilikaa haraka, sisi kwenye uwanja mkubwa tunapima kuchelewa kwa spika ya mbele na ya nyuma kila siku.

Kilichonivunja mbavu ni hiki. Kabla hawajalinganisha, tetemeko likiwemo kwenye rekodi wanalikata. Linaharibu. Njia mojawapo ya zamani ni kutupa ukubwa wote wa wimbi na kubakiza alama tu, limepanda au limeshuka. Nkamwambia Dokta hiyo ni kuchana amplifaya mpaka mwisho, hiyo ndiyo dhambi ninayowakataza madijei miaka yote. Akasema ndiyo, sisi tunaitenda kwa makusudi.

Siku ya 3, Jumatano. Fisi na saa

Hii ndiyo siku ilitukalisha. Kituo cha upande wa kusini, kuelekea mlima Kerimasi, kilomita si nyingi lakini saa mbili na nusu njiani, korongo kwa korongo. Ukija na gari la chini usijaribu, na tairi za akiba beba mbili, si moja.

Mlinzi wa hiyo ndoo ni mzee mmoja, boma lake liko jirani. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Sopa." "Ipa." Akatukaribisha chai ya maziwa kabla ya kazi, na hapo ukikataa umeharibu. Akasema ndoo iko salama, mbuzi hawajagusa, watoto hawajagusa. Kweli boma lilikuwa zima na paneli zimefutwa vumbi, alikuwa anafuta kwa shuka yake kila Jumamosi.

Nikafungua sanduku. Vichwa vya betri vimeota ukungu mweupe na kijani, vumbi la magadi linakula shaba kama mchwa. Nikasugua, nikapaka grisi. Chaji ipo, rekoda inawaka, memori kadi imejaa vizuri. Nkasema mbona hiki kizima. Goma akasema angalia jipiesi (GPS).

Waya wa jipiesi, ule unaotoka kwenye sanduku kwenda kwenye kidude cha juu ya nguzo, ulikuwa umekatwa. Nikaufuata kwa mkono kwenye mchanga nikapata ncha, imetafunwa, meno yanaonekana kabisa, mpira umechanwa na nyuzi za shaba zimebaki kama ndevu. Mzee akaangalia akasema fisi, huyo anapenda mpira, hata kandambili anakula. Mangi akasema panya. Wamebishana mpaka nimemaliza kuunga.

Mimi nikaona jambo dogo, data ipo. Dokta alikaa chini. Jipiesi pale kazi yake si kujua mahali, ndoo haiendi popote, kazi yake ni saa. Rekoda ikikosa jipiesi inaenda kwa saa yake ya ndani, na saa yoyote ya ndani inapotea kidogo kidogo. Ile ilikuwa imepoteza milisekunde chache kwa siku, ukizidisha kwa miezi miwili inakaribia robo ya sekunde. Nkasema robo ya sekunde dokta, si kitu. Akachukua kijiti akaandika mchangani. Mlima ukianza kujaa presha ndani, nyufa za mwamba zinafunguka, mawimbi yanapita polepole zaidi, lakini tofauti yenyewe ni kama moja ya elfu. Wimbi lililozunguka ndani ya miamba sekunde 30, moja ya elfu yake ni sekunde 0.03. Hiyo ndiyo anayotafuta. Saa imepotea robo sekunde, yaani mara nane ya kitu anachokitafuta. Ukisoma vibaya unaamsha kijiji kizima kwa sababu ya fisi.

Nilijisikia vibaya ingawa sikuutafuna mimi.

Ila akasema haijapotea yote, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Ule mchoro wa A na B una pande mbili, mawimbi yanayotoka A kwenda B na yanayotoka B kwenda A. Mwamba ukilegea, pande zote mbili zinatanuka kwenda nje. Saa ikikosea, mchoro mzima unasogea upande mmoja. Goma akaufupisha: ni kama kanzu, ikibana kulia na kushoto ujue mwili umenenepa, ikivutwa upande mmoja ujue umeivaa vibaya. Kwa hiyo mvumo wenyewe unakuonyesha saa imekosea kiasi gani, na unaweza kuirekebisha hata miezi imeshapita. Ni kazi, lakini inawezekana.

Nikapitisha waya mpya ndani ya bomba la plastiki la maji, nikafukia mkono mzima kwenda chini, nguzo nikaizungushia miba. Bomba elfu nane, waya ulikuwepo. Mzee akauliza kama anaweza kuchaji simu kwenye sanduku letu, ana kitochi chake cha pini nyembamba, chaja imekufa na anatembea nusu siku kwenda kuchaji kijijini. Dokta akakataa kwa heshima, umeme ule ni wa ndoo tu, kila mtu akichaji betri inalala. Mzee akasema sawa. Mimi haikuniingia. Mtu anafuta paneli zako kila Jumamosi.

Siku ya 4, Alhamisi

Vituo vitatu, vyote vizima, joto linachoma mpaka kopo la maharage likajipasha. Hakuna cha kusimulia, zaidi ya kwamba nililala chini ya gari na siafu wakanipata.

Siku ya 5, Ijumaa. Upande wa Gelai

Tulizunguka kusini mwa ziwa kwenda mlima Gelai. Ziwa Natron kwa mbali ni la waridi, kwa karibu linanuka yai, heroe wadogo wamejaa mpaka unachoka kupiga picha. Usilikanyage tope lake na viatu vya ngozi. Vyangu vimekauka vikawa kama mbao.

Saa sita mchana tukazama kwenye korongo la majivu meusi. Tulichimba, tukaweka mawe, tukaweka makapeti ya gari, gari linashuka tu. Saa tatu nzima. Wakapita kina mama wanne na punda wao wanatoka kuteka maji, wakashusha madumu wakakata matawi, mmoja akatupanga kama mkuu wa jeshi, huyu hapa, huyu pale, dereva polepole. Gari likatoka. Tukasema asante yeyo, asante yeyo, wakacheka Kimasai chetu. Tuliwaachia mchele kilo tano, na maji yao walituachia dumu moja, nikakataa, Mangi akaniambia kimya kimya usikatae.

Kidokezo: shusha upepo kwenye tairi kabla ya mchanga, sio baada ya kuzama. Sisi tulijua na bado hatukufanya.

Kwenye boma tulikolala mwenyeji alikuwa na mengi ya 2007. Anasema mwezi wa saba ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo, walilala nje na mbuzi, ardhi ikapasuka, na siku ile kubwa hata Nairobi watu walitoka maofisini. Dokta akajazia: Julai 17, tetemeko la ukubwa wa 5.9, na picha za satelaiti zilikuja kuonyesha kwamba magma, ule mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza chini ya Gelai kama ukuta mwembamba wa wima bila kutoka nje. Halafu mwanzoni mwa Septemba Lengai, upande wa pili, ukalipuka kwa nguvu, sio ile lava yake ya kutiririka bali majivu juu angani, ikaendelea mpaka 2008. Mwenyeji anakumbuka majani yamefunikwa kijivu, ng'ombe hawali, wakahama. "Mlima ulikasirika, lakini ulianza kukasirikia huku," akasema, akionyesha chini ya miguu yetu.

Ndiyo maana kuna ndoo Gelai pia. Nilikuwa najiuliza tangu asubuhi kwa nini tunahangaika hivi mbali na mlima wenyewe.

Kituo cha pale tatizo lilikuwa chaji kontrola imeungua. Dakika ishirini, kontrola mpya elfu thelathini na tano. Ningelipwa kwa dakika ningekufa maskini.

Siku ya 6, Jumamosi. Nyayo, na usiku wa Goma

Asubuhi tulirudi Engare Sero na mchana Dokta akatupa nusu siku. Tukaenda kuona nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400 kwenye tope la majivu lililogeuka jiwe, vidole vinaonekana, kuna waliokuwa wanakimbia. Nyayo za maelfu ya miaka. Lazima uende na mtu wa kijiji na ulipie, na usivue viatu ukajaribisha mguu wako, najua utataka.

Usiku ndio Goma akafunguka. Mei 22, 2021 alikuwa kwao, Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wao, ukalipuka jioni. "Mulima haukutuambia kitu. Tuliona tu mbingu inakuwa nyekundu." Siku chache baadaye matetemeko yakazidi, watu wakaambiwa wahame mji, "siye tulikimbia na miguu mupaka Sake, mama yangu alibeba muto na redio." Ndiyo akaenda kusoma hii kazi. Nikamuuliza kama ndoo zingesaidia siku ile. Alikaa kimya muda. Akasema labda hapana, wataalamu waliochambua wanasema magma ilikuwa tayari iko juu karibu na uso, ukuta wa mlima ukapasuka tu, dalili za wazi zilikuwa za dakika, sio wiki.

Dokta naye hakupamba. Mfano mzuri anaoujua ni Piton de la Fournaise, kisiwa cha Réunion kule mashariki ya Madagaska, ambako watafiti walichukua miezi 18 ya kelele za 1999 na 2000 wakaona kabla ya milipuko kasi ya mawimbi ndani ya mlima ilishuka kidogo, chini ya asilimia 0.1, siku hadi wiki kabla. Utafiti wao waliuchapisha 2008. Lakini kule mlima unalipuka karibu kila mwaka, unapata mifano mingi. Lengai mlipuko mkubwa unaweza kukaa miaka arobaini, kama kutoka 1966 hadi 2007. Halafu kuna mvua. Maji yakiingia kwenye miamba kasi inabadilika vilevile, pale Merapi, Indonesia, waliona mchoro unapanda na kushuka kwa misimu ya maji ya chini ya ardhi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili kazi ni kujua mlima unavyopumua masika na kiangazi ukiwa mzima, ndipo ujue akiumwa anapumuaje. Na picha za satelaiti zinaonyesha sehemu ya juu ya Lengai imekuwa inashuka kama sentimita 3.6 kwa mwaka, 2013 hadi 2023, hiyo nayo inabidi ilingane na kelele. Kwa maneno yake, "mimi sitafuti kengele ya hatari, natafuta tabia yake."

Nikauliza basi kwenye data za miezi miwili ameona nini. Akasema ameona fisi.

Siku ya 7, Jumapili. Kurudi

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri upepo umelala. Safari hii risiti zote nilizibandika kwenye dashibodi. Mto wa Mbu tukala nyama choma kilo moja na nusu na ndizi, ishirini na nne elfu kwa watu wanne, sijawahi kula nyama tamu vile au ni njaa. Arusha saa tisa.

Kwa wanaopanga kwenda, hesabu ya gari letu kwa wiki: dizeli karibu laki tano na nusu, pancha tatu elfu thelathini, vipuri vya umeme elfu themanini, chakula sikuhesabu kilinunuliwa kwa mafungu. Pesa taslimu beba ndogo ndogo, elfu moja moja na mbili mbili, huko hakuna mwenye chenji na mtandao wa simu unakuja na kuondoka kama mgeni. Kofia, kitambaa cha kufunga pua, na maji zidisha kwa mbili ya unavyofikiri. Kupiga picha watu, omba kwanza.

Sikupanda mlima, msiulize. Wanaopanda wanaanza usiku wa manane na wanarudi magoti yanatetemeka.

Dokta amesema anarudi kubadilisha memori kadi baada ya mvua za vuli. Ni mbali. Mimi nimeshanunua paneli ndogo ya wati 20, kontrola ya kudandia na chaja ya pini nyembamba, nimezifunga kwenye boksi na nimechora nje namna ya kuunga, nyekundu kwa nyekundu, ziko dukani kwangu. Kama kuna mtu anapanda na gari upande wa Kerimasi kabla ya hapo, wa utalii au wa mifugo, anitafute anipelekee. Mzee ni rahisi kumpata, ulizia boma la mlinzi wa ndoo.